Kichuguu ya Nje na Kichuguu ya Ndani

Mke ya mtoto yangu alikuwa anakula kichuguu yangu. Usicheke, nasema kweli. Asubuhi natoka na ufagio kufagia kiwanja, naona pale upande ya jua kipande imetoka, udongo nyekundu, mpya, na alama ya kucha juu yake. Kesho kipande ingine. Mchwa inajenga usiku kucha, yeye anabomoa kabla ya chai. Nilikuwa nasema, hawa wawili watashindana mpaka tuone nani anachoka kwanza.

Alikuwa na mimba, mimba ya kwanza. Yeye ni mtoto ya Kongo, upande ile ya mpaka, na alikutana na mtoto yangu huko mji ya Arua, sokoni, wote wawili wanauza mitumba. Tumbo ilipoanza kujitokeza, mtoto yangu alimleta kwetu Ludara. Akasema, "Mama, mimi nashinda soko mpaka jioni, nani ataangalia huyu? Kaa naye mpaka azae." Halafu akarudi Arua. Mimi nilifurahi kama mtu amepewa mbuzi. Nyumba ilikuwa imebaki na wazee wawili tu, mimi na mzee yangu, tunaangaliana kama kuku wawili ndani ya tenga moja.

Sasa mwanamke ya mimba kula udongo, huku kwetu si ajabu. Nenda soko ya Koboko, utaona wamama wanauza udongo imekaushwa, imepangwa vizuri kama biskuti. Mimi mwenyewe na mtoto ya kwanza nilikula, tena nilikula sana. Udongo ya kichuguu iko na harufu ya mvua ikianza kugonga vumbi. Mwenye mimba akisikia ile harufu, hata umfunge kamba, atatafuna kamba aende.

Lakini kichuguu si kitu ya kuchezea. Huku kichuguu iko na mwenyewe, kama shamba. Yangu nilipewa na mama ya mzee yangu, Mungu amrehemu. Nilipofika hapa kama bibi harusi kutoka Aroi, bado naogopa watu, alinishika mkono, akaweka kiganja yangu juu ya ule udongo, akasema, "Hii ni yako. Ukilala njaa, ni wewe umetaka." Maana wakati ya mvua kumbikumbi inatoka humo, tunakula mbichi, tunakaanga, tunasaga na chumvi, tunauza. Na kuna namna ya kuitoa. Unaweka vipande ya mbao kavu juu ya kichuguu, unanyunyiza maji kidogo, halafu unapiga na vijiti, ka-ka-ka-ka, polepole, halafu haraka, kama mvua inatembea juu ya majani. Wao huko ndani wanasikia, wanasema, jamani mvua imekuja, twende! Kumbe ni mimi na vijiti yangu.

Ila kupiga si kazi. Mtoto yeyote anaweza kupiga. Kazi ni kujua. Kichuguu kwa nje iko kimya kama jiwe. Jirani anapita, mbuzi inapanda, hakuna mtu anaona kitu. Lakini ndani huko wanazaa, wanazaa, wanaota mabawa, wanajaa mpaka ukuta. Halafu siku moja wote wanatoka mara moja, mpaka unafunga mdomo wasiingie. Mwenye kichuguu anaweka sikio, anaangalia vile vitundu vidogo imezibwa na udongo ya maji, anajua. Ikinyamaza, yeye haondoki.

Na mimi nilikuwa nimepanga, huyu binti akizaa, nitamshika mkono, nitaweka kiganja yake pale, kama nilivyofanyiwa mimi. Ndiyo maana nilimwacha ale. Nilisema, acha aonje, si ni yake.

Mzee yangu yeye hakuacha kumtania. Mzee alikuwa askari zamani, ametoka jeshi lakini jeshi haijatoka yeye. Mpaka leo anapanga majembe kwa mstari kama bunduki. Alikuwa anakaa kwenye kiti yake, anapaza sauti ili jikoni wasikie.

"Mama ya watoto! Huyu atazaa mtoto ama atazaa mchwa?"

Na yule binti, bila kugeuka, anajibu kutoka kwa moto, "Baba, nitazaa malkia ya mchwa, na weye utamupigia saluti!"

Mzee anacheka mpaka anakohoa. Nyumba ilikuwa imepona, nakuambia. Ilikuwa imepona uzee.

Halafu akaanza kuchoka.

Mara ya kwanza nilisema ni mimba. Nani hachoki na mimba? Lakini alikuwa anabeba jerikani ndogo kutoka kisima, anakaa chini njiani mara mbili, mara tatu. Anapumua kama mtu amekimbizwa. Kichwa inamuuma, inaacha, inauma. Siku ingine anajifunika shuka katika jua ya mchana, anasema baridi, halafu baadaye anaamka, anapika, anaimba, hakuna kitu. Nilimvuta mkono mpaka duka ya dawa hapa kwa senta ya kijiji. Wakamtoboa kidole, kijana akaangalia damu, akasema, "Mama, malaria hakuna. Sioni kitu."

Basi. Kama malaria hakuna, ni nini? Boma yote ikajibu pamoja: udongo! Jirani yangu, ambaye anajua kila kitu hata ile haijatokea, alisema, "Udongo inanyonya damu. Ndani ya tumbo inakuwa matope, inafunga mtoto." Wifi yangu alisema vilevile. Na mimi niliona iko na maana. Uso ya binti ilikuwa inakuwa kijivu, na kila asubuhi kichuguu iko na alama mpya ya kucha.

Mzee yangu akasikia. Akasimama kama mtu ameitwa na kamanda.

"Adui imejulikana," akasema. "Mama ya watoto, lete panga."

Akakata miiba. Akazungushia kichuguu yangu yote na miiba, mzunguko mzima, juu mpaka kifua. Halafu akaleta kiti yake, akaweka hapo mbele, akakaa na fimbo juu ya magoti. Nilimwambia, "Mzee, watu wanapita barabarani, wanakuona unalinda udongo." Akasema, "Hapana sumbua mimi. Mimi niko kazini." Wapita njia wakawa wanasimama wanasalimia, "Mzee, mchwa imeiba nini?" Anajibu, "Imeiba damu ya mtoto yangu." Hapo mtu anaacha kucheka.

Na binti yetu alitii. Alikuwa anakaa mlangoni, anaangalia ile miiba, mate inajaa mdomoni, lakini hakugusa. Aliniambia, "Mama, mwambie baba aende tu kulala. Sitakula. Mie pia niko naogopa ajili ya mutoto."

Sasa sikiliza. Udongo imekatwa. Kichuguu imejenga tena, imefunga vidonda yake yote, imekuwa laini kama kichwa imenyolewa. Na binti anazidi kuisha. Viganja ikawa nyeupe kama unga ya muhogo. Siku moja nilikuwa nampaka mafuta ya simsim kwa tumbo, kama tunavyofanya, na mkono yangu ikasimama yenyewe. Mimi nimeshika tumbo mingi katika maisha yangu. Tumbo ya mimba inakua kama mtama, ukikaa kidogo usipoangalia, unakuta imepanda. Hii ilikuwa imesimama pale pale. Mtoto alikuwa anacheza ndani, ndiyo, lakini kidogo, kama mtu anagonga mlango na kidole moja tu.

Yeye aliona uso yangu.

"Mama, ni nini?"

"Hakuna kitu. Mikono imechoka."

"Mama. Weye hujui kudanganya."

Nilitoka nje. Mzee alikuwa kwenye kiti yake, analinda. Nilimwambia polepole, "Mzee, umefunga kichuguu si ile. Mtoto haongezeki. Iko kitu ingine inakula, na iko ndani." Halafu akaweka fimbo chini, akaingia ndani, akatoka na koti yake ya jeshi, ile ya zamani ya baridi, akasema, "Mfunike na hii njiani. Pikipiki iko na upepo."

Tulienda Koboko na boda mbili, binti mbele amejifunika koti mpaka macho, mimi nyuma napigia kelele kijana ya boda yake, "Polepole, mwanangu, huyo amebeba wawili." Pale kituo ya afya mkunga alimvuta chini kope ya jicho, akaangalia. Akapima tumbo na utepe. Akapima tena. Akaniuliza, "Mama, huyu ni mimba ya ngapi?" Nikasema ya kwanza. Akatikisa kichwa kidogo. "Mpeleke labu. Waambie waangalie vizuri, wasiharakishe."

Mwanamke ya labu alikuwa kijana bado, amesuka nywele vizuri sana, mistari midogo midogo. Alichukua damu, akaweka juu ya kioo, akapaka dawa ya rangi, akakaa kwenye ile mashini ya kuangalia damu. Akakaa. Akakaa. Mimi siwezi kukaa kimya muda kama huo, mtu yeyote ambaye ananijua atakuambia. Binti yangu alikuwa amelala kwenye benchi nje, na mimi nimesimama mlangoni na wasiwasi yangu.

"Mwanangu," nikasema, "unatafuta nini huko mpaka unasahau kupepesa macho?"

"Natafuta mdudu ya malaria, mama."

"Kijana ya duka alisema hakuna."

"Iko. Nimepata sasa. Ni kidogo tu, lakini iko."

Nilisema, "Mimi nimezaa, nimeuguza, nimezika, na huyu mdudu ameingia nyumba yangu kila mwaka. Sijawahi kumwona uso."

Aliniangalia, akacheka. Akasema, "Ya binti yako ni kidogo sana, utachoka kutafuta. Ngoja." Akatoa kioo ingine kutoka kwa sanduku, damu ya zamani, ile wanafundishia wanafunzi. Akaweka, akazungusha zungusha, akaniambia, "Njoo, mama. Funga jicho moja."

Wewe! Niliona dunia. Sahani ndogo ndogo nyekundu, mingi, kama mtu amemwaga vyombo ya harusi.

"Kila moja ni chembe ya damu," akasema. "Chukua kama ni chumba. Mwili yako imejaa vyumba hiyo, inabeba nguvu inapeleka kila mahali. Sasa tafuta chumba iko na pete ndani."

Nikatafuta. "Hakuna... hakuna... Iko! Iko na pete! Pete na kito yake!"

"Huyo ndiyo yeye. Mwili yake yote ni chembe moja tu. Hana mguu, hana jicho, hana mdomo kama yangu na yako. Ameingia ndani ya chumba, amefunga mlango nyuma yake. Askari ya mwili wanapita nje, wanaona chumba tu."

"Anakula nini humo?"

"Anakula chumba. Ile wekundu yote anakula. Anakua, halafu anajigawa humo humo ndani. Angalia hii." Akasukuma kioo kidogo sana, kama mtu anasukuma mtoto analala. Nikaona chumba moja imejaa. Imejaa! Kama ganda ya simsim wakati ya kuvuna, vile mbegu inabanana.

"Halafu?" nikauliza. Lakini mwili yangu ilikuwa inajua tayari.

"Halafu chumba inapasuka. Wanatoka wote, kila mmoja anakimbia kutafuta chumba yake mpya. Na vyumba mingi inapasuka wakati moja. Hapo ndiyo mtu anatetemeka na homa inapanda. Halafu wakiisha kuingia tena, mtu anasikia nafuu, anasema nimepona."

Nilipiga makofi. Pale pale ndani ya labu, nilipiga makofi.

"Kumbikumbi!" nikasema. "Mwanangu, hiyo ni kumbikumbi!"

Aliinama akacheka mpaka akashika meza. Kumbe nyumbani kwao ni karibu na Omugo, na yeye alikuwa anapigia kichuguu ya bibi yake akiwa mdogo. Akasema, "Mama, nimesoma miaka, hakuna mwalimu alisema hivyo." Basi tukawa marafiki, na mimi nikamuuliza kila kitu. Akaniambia mbu ikikuuma, hawaendi kwa damu mara moja. Wanaenda kwanza kujificha kwa maini, wanazaa huko siku kadhaa kimya kimya, na mtu hajui, anaenda sokoni, anacheza disko. Akaniambia iko wengine ndani ya damu ambao hawazai. Wanakaa tu, dume na jike, wanangoja mbu aje awanyonye, halafu wanaoana ndani ya tumbo ya mbu.

"Harusi ndani ya tumbo ya mbu!" nikasema. "Na nani anapika?"

Tulicheka tena. Halafu nikasikia binti yangu anakohoa pale nje kwa benchi, na kicheko ikakatika.

"Sasa niambie," nikasema. "Kama damu ya kidole iko na wachache tu, mbona anaisha hivi? Na mbona mtoto haongezeki?"

Yeye pia aliacha kucheka. Akageuza kiti yake, akaniangalia vizuri.

"Mama, wengi hawako kwa kidole. Wamejificha kwa kondo."

Kondo ni ile nyumba ya mtoto, ile inatoka nyuma baada ya kuzaa. Akaniambia, chembe ya damu ikiwa na mdudu ndani, inafika kondo inanata kwa ukuta, kama mbegu ya magugu kwa nguo. Haitembei tena. Wanabanana hapo, wanazaa, wanapasuka, wanazaa, na kidole haijui. "Na mimba ya kwanza ndiyo wanapenda zaidi," akasema, "kwa sababu mwili ya mama haijajifunza hila hiyo. Mimba ya pili, ya tatu, mwili inaanza kuwatambua."

"Na mtoto?"

"Mtoto anakula kupitia kondo hiyo hiyo. Kama mlango imejaa watu, chakula inapita wapi?"

Nilikaa chini. Hakuna mtu alinipa kiti, nilikaa tu juu ya sakafu. Nilikuwa nafikiri ile miiba ya mzee. Sisi wote tumezunguka kichuguu ya nje, na ingine iko hapa ndani ya mtoto ya watu, kimya, inajaa.

Yule dada aliniinua na mikono yake. "Mama, hatujachelewa. Iko dawa. Lakini lazima amalize yote. Homa ikiacha, asiache dawa. Unasikia?"

"Mwanangu," nikasema, "hiyo kazi ya kungoja kitu imenyamaza nimefanya tangu nilipoolewa, kwa kichuguu."

Mkunga akatupatia dawa ya malaria, na vidonge ya kuongeza damu, na akasema damu yake imeshuka, ikishuka tena kidogo tutaenda hospitali kubwa Arua kuongezewa. Akasema pia, na hapo binti yangu akaangalia chini, udongo aache vilevile, iko na minyoo na haisaidii damu. Kwa hiyo jirani yangu hakukosa yote. Sikumwambia mpaka leo.

Nyumbani mzee alikuwa anangoja kwa njia. Nilimweleza yote, na mikono, na sauti, na ile pete na kito. Alisikiliza amesimama wima.

"Kwa hiyo adui inaingia kwa kambi yako mwenyewe," akasema, "inavaa nguo ya askari yako, inakula posho yako, inazaa watoto kwa kitanda yako."

"Ndiyo."

"Na mimi nakaa nje na fimbo."

"Ndiyo, mzee."

Alienda akatoa ile miiba, moja moja, peke yake. Halafu akafungua neti ya mbu kwa kitanda yetu, ile moja tu haijatoboka, akaenda akafunga kwa kitanda ya binti. Yule binti akasema, "Baba, na weye utalala vipi?" Akajibu, "Mimi damu yangu iko chungu. Mbu yenyewe inalalamika." Mpaka tulipopata ingine tulikuwa tunalala tumejifunika shuka mpaka kichwa, kama maiti wawili, tunacheka ndani yake.

Dawa ilimchosha roho. Siku ya kwanza alitapika, nikampa tena kama mkunga alivyosema, na uji ya karanga ya kusaga, maana ile dawa inataka mafuta. Homa ikaacha. Asubuhi akaamka na macho ya mtu. Akafagia. Akaimba. Halafu nikaleta kidonge, akanisukuma mkono.

"Mama, niko nimepona. Hii ingine tuweke ya siku ingine. Ama tumupe jirani, ule mutoto yake iko na joto."

Hiyo ndiyo kitu yetu huku, kila nyumba. Mtu akiamka tu, dawa inayobaki inafungwa kwa kitambaa, inangoja mgonjwa mwingine, nusu kwa huyu, nusu kwa yule, na hakuna mtu anapona. Nilimshika mkono, nikamtoa nje, tukasimama mbele ya kichuguu. Hakukuwa na kitu, jua tu na kuku moja.

"Unaona nini?"

"Ninaona udongo."

"Iko tupu?"

Aliangalia kichuguu, halafu akaangalia kidonge kwa mkono yangu.

"Mama, hapana. Haiko tupu."

"Basi meza."

Akameza. Mtoto ya jirani mimi na mama yake tulimpeleka kituo, akapata dawa yake mwenyewe. Na mimi nilikaa karibu na binti yangu siku hizo zote kama ninavyokaa kwa kichuguu siku ya mvua. Sikuenda shamba, sikuenda kilio, sikuenda popote. Nilikuwa naweka mkono kwa shingo, naangalia jicho, naweka sikio kwa tumbo. Yeye anasema, "Mama, unasikia nini?" Nasema, "Nasikia mtu anaitisha chakula." Tulirudi Koboko, wakaangalia damu tena, tukarudi tena. Viganja ikaanza kupata rangi, polepole, kama chai ukiweka majani. Na tumbo ikapanda. Si sana. Lakini ikapanda. Siku nilipohakikisha na mkono yangu, nilitoka nje nikapiga kigelegele peke yangu, kuku ikakimbia.

Mtoto alizaliwa Koboko, kituo ile ile, mapema kidogo. Msichana. Alikuwa mdogo, mdogo kama sungura amechunwa, Mungu anisamehe, ndivyo alivyokuwa. Nilikuwa nje ya leba, nasikia mama yake analia, halafu kimya. Ile kimya! Mimi ambaye najua kukaa na kimya, ile sikuiweza. Halafu nikasikia sauti, nyembamba, lakini hasira iko ndani yake. Nikasema, huyu atakaa. Mtu anakuja na hasira, anakaa.

Mkunga akaniita. Akanipa kondo ndani ya beseni, maana kwetu bibi ndiyo anazika. Niliangalia. Nimeona mingi, mimi. Hii ilikuwa nyeusi nyeusi, si wekundu ile nazoea. Mkunga akasema, "Ndiyo, mama. Walikuwa hapa. Hiyo weusi ni mabaki yao." Aliniambia pia mtoto iko mdogo lakini damu yake watapima, na dawa mama alimaliza ndiyo imesaidia, kama angeacha katikati tungekuwa tunasema hadithi ingine.

Nilizika nyuma ya nyumba. Sikuitupa kwa hasira. Niliifunika na majani, nikaongea nayo kidogo, kama tunavyofanya. Nilisema, ulikuwa nyumba, wezi wakaingia, na bado ulimlisha mtoto wetu na ile kidogo ilibaki. Asante. Lala.

Mtoto mdogo hivyo anataka joto. Mkunga alifundisha kumfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, wasimweke chini. Mama yake anamfunga, akichoka mimi nafunga, na mimi nikichoka... Siku moja nilirudi kutoka kisima, nikamkuta mzee kwenye kiti yake, kifua wazi, nywele nyeupe yote nje, amevaa ile koti ya jeshi juu, amefunga vifungo mpaka shingo. Katikati ya vifungo viwili iko kofia ndogo ya sufu.

"Mzee, unafanya nini?"

"Hapana ongea kwa nguvu. Malkia amelala."

Binti yetu alikuwa mlangoni, anafunika mdomo na kitenge. Akasema polepole, "Baba, saluti iko wapi?"

Na yule mzee yangu, bila kusogeza kifua, akainua mkono mpaka kwa paji ya uso, taratibu, vizuri kabisa. Akaiacha hapo.

Sasa mvua imerudi tena. Mtoto anatembea, anaanguka, anasimama, anatukana ardhi kwa Kiswahili ya Kongo, ile ya mama yake. Wiki iliyopita kichuguu ilikuwa kimya, na mimi nilimshika binti yangu mkono, nikaweka kiganja yake juu ya udongo, nikasema yale maneno ya mama ya mzee. Nikampa vijiti. Nikasema, "Sasa niambie wewe. Leo ama si leo?"

Aliweka sikio. Aliangalia vitundu. Alikaa chini, akamvuta mtoto kwa magoti, akangoja, na hakuniangalia mimi hata mara moja. Jua ikapanda juu ya mihogo. Halafu akanyunyiza maji, akaanza kupiga, ka-ka-ka-ka.

Wakatoka. Mingi! Kwa nywele, kwa nguo, kwa chai ya mzee. Mtoto alikamata moja na mikono yote miwili, akaweka mdomoni na mabawa yake, akatafuna, bawa moja imebaki nje kwa mdomo.

"Mama," binti yangu akasema, "huyu pia anakula kichuguu."

"Mwache," nikasema. "Si ni yenu."